Mshona Nyavu wa Mweru-Kati

Jumatatu, 3 Machi

Mvua tangu alfajiri. Paa linavuja palepale, juu ya meza ya kuchorea. Nimeisogeza tena. Tukiendelea hivi nitachorea jikoni kwa mdogo wangu Mado, kwenye moshi.

Toleo jipya la Mweru-Kati, hadithi yangu ya picha. Kurasa mbili zimekwisha. Ya tatu ina kona tupu, chini kulia, pale gatini. Mji wenye kona tupu unaonekana wa uongo, na mimi mji wangu siutaki uonekane wa uongo. Niliuweka juu ya maji, katikati ya ziwa, kati ya visiwa vya Kilwa na Chisenga. Si Zambia, si Congo. Hakuna anayeulizwa karatasi. Mimi niliyepanga foleni za karatasi tangu nifike hapa kambi ya wakimbizi ya Mantapala, hilo ndilo nililolitaka kwanza. Nguvu za kuruka zilikuja baadaye.

Nilihitaji mtu wa kujaza kona. Siwezi kuchora uso ambao sijauona, huo ndio ulemavu wangu. Mashujaa nawavika vinyago, lakini watu wa nyuma wote ni watu wa kwetu: muuza sabuni, mwalimu mwenzangu wa zamani, katekista na baiskeli yake. Mkono ukaenda wenyewe. Nikamchora Dona, mume wa mdogo wangu, ameketi anashona wavu. Kofia yake ile yenye tundu. Anaonekana mgongo na shavu kidogo tu.

Mwaka mmoja sasa tangu ziwa limchukue. Nimemaliza wino, nimelala mchana.

Alhamisi, 6 Machi

Nimetundika kurasa kama kila Alhamisi. Kamba, vibanio vya nguo, mbele ya kibanda changu cha chumvi na sabuni. Watu walifika mapema. Wanasoma wamesimama, wa mbele anawasomea wa nyuma kwa sauti. Mama Chisense, shujaa wangu, amebanwa na adui yake Bwana Taa. Akibanwa hugawanyika kuwa samaki wadogo elfu moja na kupita kwenye matundu ya wavu. Udhaifu wake ni mwanga. Akiona taa anaifuata tu, kama chisense wote, dagaa wa ziwa hili. Wavuvi wanacheka sana hapo, ni kazi yao hiyo, kuvua kwa taa.

Mado alikuja na kitambaa chake cheusi kichwani. Alisimama mbele ya ukurasa wa tatu. Wengine walisoma, wakamaliza, wakaenda. Yeye bado. Ndipo nilipokumbuka nilichochora kwenye kona ile. Nilitaka ardhi inimeze.

Alirudisha kibanio kimoja kilicholegea, akaenda.

Ijumaa, 7 Machi

Mado amekuja asubuhi. Nilikuwa nimeandaa maneno ya kuomba msamaha. Hakunipa nafasi. Ananiita Yaya, mkubwa wake, tangu utotoni.

"Yaya, kule anakulaka nini?"

Nikasema samaki, bila kufikiri. Akasema hapana. Yeye mwenyewe hali samaki wa ziwa tangu mwaka jana, kwa sababu hajui samaki hao wamekula nini. Sisi sote tunalijua hilo na hakuna anayelitaja. Akasema nimchoree Dona bukari, ugali wetu, na sombe ya majani ya muhogo, na nyanya za shambani kwetu.

Nimechora sahani hapo hapo, kando ya wavu, yeye akiangalia. Kisha akakaa akala bukari kwangu, sahani nzima. Kwa mwaka mzima huyu amekuwa akidonoa kama kuku mgonjwa.

Nilifurahi. Naandika hivyo hivyo, nilifurahi.

Jumanne, 11 Machi

Nimekwenda mjini Nchelenge kutoa kopi. Lori lilikwama mara mbili.

Ba Chanda wa duka la fotokopi anasoma kila ukurasa kabla ya kuutia kwenye mashine. Ni Mbemba wa hapa hapa na Kiswahili chake ni cha kununulia samaki, lakini picha anazielewa kuliko mimi. Miezi mitatu sasa ananisumbua niuhamishie mji upande wa Zambia. Leo hakuugusa mji. Alitaka kujua kuhusu mshona nyavu. Anasema sokoni Kashikishi watu wanabishana. Wengine wanasema ni shujaa aliyejificha, kwa nini anaonyesha mgongo? Wengine wanasema ndiye baba yake Mama Chisense. Mwenye duka la mbele ameapa kwamba wavu ule ndio utakaomnasa Bwana Taa.

Nilimwambia ni mtu wa kujaza kona. Hakuniamini. Akanitania kwamba mwandishi ndiye wa mwisho kujua.

Alhamisi, 13 Machi

Ukurasa mpya. Nimemgeuza. Sasa Dona anaonekana uso wote. Mado aliomba, nikampa. Alikuja na masahihisho kama mkaguzi wa shule: sikio la kushoto ni kubwa kidogo, jino la mbele limekatika pembeni, akishona anatoa ncha ya ulimi. Nikachora ulimi. Mado akacheka mpaka akashika nguzo ya kibanda.

Mdogo wangu amecheka. Kwa kicheko kile ningemchora mume wake kwenye kila ukuta wa kambi hii.

Jumamosi, 15 Machi

Shemeji Kasongo amepiga simu kutoka Chisenga. Ndiye kaka mkubwa wa Dona, ndiye aliyekuwa naye siku ile. Anakuja Jumatatu. Mwaka umetimia, ukoo umeamua: tarehe 29 tunatosha kilio, yaani tunaondoa msiba.

Kwetu mjane haondoi kitambaa cheusi mwenyewe. Ukoo wa mume ndio unaomfungua. Wanamnyoa, anaoga, watu wanakunywa munkoyo wa mahindi, kisha anarudi kati ya watu. Mpaka siku hiyo haendi sokoni, hapiki kwenye shughuli ya mwingine, anakaa. Mado ana miaka thelathini na moja. Akina mama wa Kashikishi wamemwekea nafasi kwenye meza yao ya sokoni. Wamengoja, lakini hawatangoja mwaka mwingine. Na Kasongo baada ya tarehe 29 anavuka kwenda Congo, hajui atarudi lini. Bila yeye hakuna wa kumfungua.

Kwa kuwa mwili haukupatikana, watazika shati lake. Kasongo amelitunza.

Jumatatu, 17 Machi

Siku mbaya.

Kasongo alifika na shati ndani ya mfuko wa plastiki, limekunjwa vizuri. Amekonda. Alizungumza kwa heshima, akaeleza mpango wote, nani ataleta nini. Mado alisikiliza ameinamisha kichwa. Kisha akasimama, akatoka, akarudi na ukurasa wangu wa Alhamisi. Alikuwa ameuchukua kwenye kamba, na mimi nilidhani ni upepo. Akauweka juu ya shati. Akaniuliza mimi, si Kasongo.

"Yaya, kule mu muji yako batu banakufaka?"

Nikajibu hapana. Ningejibu nini? Imeandikwa kwenye jalada la kila toleo kwa mkono wangu: Mweru-Kati, mji ambao hakuna anayekufa.

"Basi munaniomba nitoshe kilio ya nani?"

Kasongo aliangalia ukurasa muda mrefu. Kisha akaniangalia mimi. Afadhali angenitukana.

Jumanne, 18 Machi

Sikufungua kibanda. Naona haya.

Jumatano, 19 Machi

Nimejaribu kufikiri kama mtu mzima.

Mado si mwendawazimu. Anajua karatasi ni karatasi. Lakini anajua pia sheria za miji hii ya kuchorwa, kwa sababu mimi ndiye niliyemfundisha. Utotoni tulisoma pamoja bédé, vitabu vya katuni vya maktaba ya parokia, mimi nasoma, yeye anafungua kurasa. Majengo yanaanguka ukurasa wa kumi. Toleo linalofuata kila kioo kiko mahali pake na hakuna anayeuliza fundi alikuwa nani. Shujaa anakufa, wanamzika, mvua inanyesha juu ya miavuli. Baada ya matoleo matatu amerudi na hata nguo haijapauka. Tulipenda hivyo. Mado akilia shujaa amekufa nilimwambia nyamaza, subiri tu, watamrudisha.

Sasa anasubiri. Nimemnyamazisha tena kwa uongo uleule, na safari hii ana nywele nyeupe mbili.

Nikimfuta Dona, nitakuwa nimemzamisha mara ya pili. Nikimsafirisha aende mji mwingine, Mado atamngoja arudi. Nikimwacha, tarehe 29 inapita na Kasongo anavuka.

Nilishika kifutio. Nikafuta ulimi. Nikauchora upya haraka kama mwizi anayerudisha kuku.

Alhamisi, 20 Machi

Kamba tupu. Watu walifika, wakaangalia vibanio, wakaondoka wananung'unika.

Jioni nilienda kwa Mado. Nikamwambia ukweli wangu wote. Kwamba nilimchora kwa sababu kona ilikuwa tupu, na kwamba kona ilikuwa tupu kwa sababu mimi mwenyewe sikumlilia Dona. Nilikuwa na kazi ya kumlilia yeye Mado, sikupata nafasi. Nikamwambia Dona harudi. Nikamwambia mji ni wangu, na nimeujenga vibaya.

Alichambua sombe mpaka majani yakaisha. Nilidhani atanifukuza. Akasema mwaka jana mitumbwi ilimtafuta siku mbili tu, kisha kila mmoja akarudi kwenye nyavu zake, maana marufuku ya uvuvi ya kila mwaka ilikuwa imeondolewa na watu walikuwa na njaa. Hawalaumu. Lakini siku mbili si kutafuta.

"Ule mwanamuke wako eko na samaki elfu. Amutafute."

Jumamosi, 22 Machi

Tunatafuta. Meza imehamia kwa Mado, jikoni, kwenye moshi. Nilijitabiria.

Kazi iko hivi: yeye anataja mahali, mimi nachora. Mama Chisense anagawanyika, kila samaki anakwenda upande wake. Matete ya mdomo wa Luapula. Nyuma ya Chisenga, kule kwenye kambi za wavuvi. Chini ya mitumbwi yote yenye taa, pale anapoogopa kupita, naye anapita. Baadhi ya samaki wake wananaswa. Mado alitaka wanaswe. Anasema kutafuta bila kupoteza kitu si kutafuta.

Mkono umekufa ganzi. Chisense mia mbili leo. Kila mmoja na jicho lake.

Jumatatu, 24 Machi

Kurasa nne. Tumemaliza ufuko wote wa Zambia. Mado anakumbuka majina ambayo Dona alimtajia, mawe, mikondo, mti uliozama. Sikujua mtu anaweza kulijua ziwa hivyo bila kukanyaga mtumbwi. Halii. Anataja, anangoja nichore, anaangalia, anasema hayuko. Mahali panapofuata.

Kasongo anakaa kwa muumini mwenzake wa kanisa, mtaa wa pili. Haji. Shati limebaki kwetu juu ya kabati.

Jumatano, 26 Machi

Niandike polepole, nisikosee.

Kasongo alikuja saa nne asubuhi kuaga. Alisema kama hakuna kilio, ataondoka Jumamosi hiyo hiyo. Kurasa zilikuwa zimetandazwa kwenye mkeka, kurasa saba, zikikauka. Ziwa lote. Alizizunguka kama anayekagua shamba. Nilimweleza kidogo. Nilitegemea atacheka au atakasirika.

Alipiga magoti kwenye ukurasa wa tano. Akaweka kidole kwenye maji matupu karibu na Kilwa, mbali kabisa na Chisenga.

"Hapa hamukutafuta."

Mado akasema hakuna sababu ya kutafuta huko, mtumbwi ulizama karibu na Chisenga, yeye Kasongo ndiye aliyesema. Kasongo hakuondoa kidole.

Kisha akasema yote. Walitoka siku moja kabla marufuku haijaisha. Walitaka wawe wa kwanza sokoni na chisense mbichi siku ya ufunguzi, kila mvuvi wa ziwa hili anaijua tamaa hiyo. Walikwenda mbali, upande wa Kilwa, wasionekane. Upepo ukawakuta huko. Aliporudi peke yake aliogopa: maafisa wa uvuvi wangechukua nyavu za kambi nzima ya wavuvi, si zake tu, na watu kumi na wawili walikula kwa nyavu zile. Akataja mahali pengine na siku nyingine. Mitumbwi ikaenda kumtafuta ndugu yake mahali ambapo hakuwahi kuwepo. Yeye mwenyewe akaenda nayo, akatafuta pamoja nao siku mbili, akijua.

Mficha maradhi kilio humuumbua. Nimeisema methali hiyo maisha yangu yote. Leo nimeiona imepiga magoti kwenye mkeka wetu.

Nilitaka kumpiga. Naandika hivyo kwa kuwa ni kweli. Nilitafuta kitu cha kumpigia nikapata mwiko.

Mado alimwuliza swali moja tu. Kama alikuwa mbali na Dona, au karibu.

"Nilimushika mukono. Nilimushika wakati murefu. Ikaniponyoka."

Mado alikaa chini. Moto ulizimika na hakuna aliyeupuliza. Mimi na mwiko wangu.

"Kumbe hakukufa peke yake," akasema.

Hakumwambia nimekusamehe. Alimpa maji ya kunywa kwenye kikombe cha Dona. Kasongo alikunywa, meno yanagonga bati.

Kisha Mado akanisukumia karatasi safi. Tukachora maji ya Kilwa, sisi watatu, Kasongo akitaja: hapa upepo, hapa mtumbwi, hapa mimi, hapa yeye. Samaki wote waliobaki nikawaleta hapo. Wakazunguka. Hayuko. Ni kofia tu, ile yenye tundu. Nikauliza baada ya hapo wapi.

Mado aliangalia kurasa zote nane kwenye mkeka. Hapakuwa na maji yaliyobaki.

"Basi, Yaya. Ule mwanamuke anachoka. Arudie ku nyumba."

Alhamisi, 27 Machi

Nimetundika zote nane, na ya tisa niliyoichora usiku kucha bila kuulizwa. Mama Chisense anarudi Mweru-Kati amebeba kofia. Mashujaa wote wa mji wamekaa chini kwenye mkeka. Wamevua vinyago. Kwa mara ya kwanza nimewapa nyuso, na ni nyuso za watu wa hapa, kila mtu atajiona. Hakuna mwenye nguvu yoyote kwenye ukurasa ule.

Watu hawakusomeana kwa sauti. Wanaume walivua kofia.

Jumamosi, 29 Machi

Tumetosha kilio.

Kasongo alizika shati nyuma ya kanisa, yeye mwenyewe alichimba, alikataa kupokewa jembe. Kabla ya hapo alisimama mbele ya watu wote akasema siku ya kweli na mahali pa kweli. Wavuvi wawili wa Chisenga waliondoka kwa hasira. Mmoja alirudi kunywa munkoyo.

Mado amenyolewa. Kichwa chake kidogo, nilikuwa nimesahau. Kasongo alianza kufungua kitambaa cheusi, fundo likamshinda, Mado akamsaidia kwa mkono mmoja. Sidhani inaruhusiwa. Mama wa kanisa aliangalia pembeni.

Nimelia. Sana, kwa sauti, mpaka watoto wakaja kuniangalia. Deni la mwaka mzima.

Alhamisi, 3 Aprili

Mvua imepungua. Meza imerudi kwangu.

Ba Chanda alituma ujumbe, anataka kujua mshona nyavu atarudi toleo gani. Anasema Kashikishi hawaamini, mashujaa hurudi. Nimemjibu kwamba huyu hakuwa shujaa, alikuwa shemeji yangu. Hajajibu bado.

Nimechora jalada jipya. Jina la mji peke yake, bila ile sentensi chini yake. Gatini, kona ya kulia, wavu nimeuacha umetundikwa, nusu umeshonwa. Sikumweka mtu.

Mado alikwenda Kashikishi na lori la asubuhi, siku yake ya kwanza mezani na akina mama. Amerudi na chisense kwenye mfuko, mbichi. Amewakaanga na nyanya, jikoni kwake, mlango wazi. Ameosha mikono, ameketi karibu nami, amekula.